Kijana wa Lang'ata aje Kamukunji

Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya yule baba wa Lang'ata mliyoichapisha majuzi, anayelalamika kwamba mwanawe wa kidato cha tatu amezunguka ofisi saba mjini akitafuta "kazi ya maana" ya likizo, na kila jioni amerudi na karatasi zake vilevile alivyoondoka nazo. Mara ya kwanza niliisoma ndani ya matatu nikamhurumia. Mara ya pili niliisoma kibandani pangu nikakasirika kidogo. Mbele yangu alikuwa amesimama kijana wa rika hilohilo, anabishana na mteja kuhusu bawaba, na nikajiuliza kama yule baba angempita akasema huyu naye hajapata kazi ya maana.

Nauza masanduku ya shule Kamukunji, mwaka wa 22 huu. Ukishuka kituo cha mabasi cha Machakos ukafuata kelele za nyundo, utanipata. Watu huniita Mama Sanduku na nilishachoka kukataa. Biashara hii ina msimu kama mahindi: tangu shule zinapofungwa kwa likizo ndefu hadi wiki ya pili ya Januari nauza masanduku mengi kuliko miezi mingine yote ukiijumlisha. Kwa hiyo nahitaji mikono wakati uleule watoto wako nyumbani wanakula mkate na kutazama simu. Kila mwaka nachukua wanafunzi wawili, mara nyingine watatu. Nimewaona wa kila aina, na hayo ndiyo mamlaka niliyo nayo ya kumjibu mzazi mwenzangu.

Lakini wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Binti yangu alipokuwa kidato cha tatu, mimi pia nilitaka ofisi. Mjomba wake alijuana na mtu, mtu akajuana na mtu, na Agosti hiyo akapata nafasi ya wiki tatu katika ofisi moja kubwa Upper Hill, ya kuta za vioo na lifti inayozungumza. Nilitangaza habari hiyo kanisani. Nikamnunulia viatu vya shilingi 1,200 na sketi ya mtumba ya Gikomba ya 350. Nauli kutoka Jericho kwenda na kurudi ilikuwa 200 kwa siku, chakula cha mchana 150. Siku 15. Jumlisha utapata 6,800, nami nilizitoa nikicheka.

Huko alifanya nini? Siku ya kwanza alionyeshwa kiti. Siku ya pili alitumwa mandazi. Wiki ya pili walimfundisha kutumia mashine ya fotokopi, akatoa nakala za kitu ambacho hakuambiwa ni cha nini. Alhamisi moja alishikwa na homa, hakwenda. Ijumaa alipofika na maneno yake ya kuomba radhi ameyapanga, mama aliyekuwa akimsimamia alimwambia, "Kwani jana hukuwepo?" Mwishoni walimpa barua nzuri yenye muhuri, inayosema amekuwa mwenye bidii, pamoja na kalenda ya mwaka uliokuwa umebakiza miezi minne.

Sitaji ofisi hiyo na wala siilaumu sana. Watu wale walikuwa na kazi zao, na mtoto wa miaka 16 aliyeletwa na mjomba ni mzigo kwao. Baba yake aliiweka ile barua kwenye faili pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Lakini jioni ya mwisho, tukichambua mboga, binti yangu aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mama, siku niliyokosa hakuna aliyeuliza."

Tangu hapo hilo ndilo swali ninalowauliza wazazi wanaonijia na habari za kazi za watoto wao. Siku mtoto wako akikosa kufika, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi? Akikosea, kuna mtu atakayelijua kosa hilo kabla ya jua kutua? Kama majibu yote mawili ni hapana, mtoto hajapata kazi, amepata kiti. Na kiti hata kwangu kipo, cha plastiki, kimevunjika mguu mmoja.

Mimi niliajiriwa mara ya kwanza mwaka wa 1988, likizo ya Desemba, na mwajiri wangu alikuwa shangazi. Alikuwa na meza ya viazi Marikiti. Malori ya viazi yalikuja kutoka Kinangop usiku, nasi tulikuwa sokoni saa tisa, giza totoro, kila mtu amejifunga leso kichwani. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhesabu magunia hamali wanapoyashusha. Shangazi alinipa vijiti. Gunia likipita nahamisha kijiti kutoka mfuko wa kushoto wa sweta hadi wa kulia. Basi. Nilidhani ni kazi ya mtoto wa chekechea, na nikaona haya kwamba mtu wa kidato cha pili anayejua aljebra anapewa vijiti.

Asubuhi ya nne nilisinzia nikiwa nimesimama. Lori likaisha, dereva akasema 43, mimi vijiti vyangu vikasema 41. Sasa fikiria: magunia mawili, hamali kumi wanangoja kulipwa, dereva anataka kurudi kabla barabara haijajaa, na kila mtu anamtazama mtoto wa shule mwenye vijiti. Shangazi hakunifokea. Alimwomba dereva samahani ya dakika kumi, akanishika bega, akaniambia, "Haya, hesabu upya, kwa sauti." Nikayahesabu yote kwa sauti, huku soko zima likisikia, na nilipofika 43 sauti ilikuwa imekwisha. Kisha akanipeleka kwa dereva nimwombe radhi mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa karibu kumfanya mwizi mbele za watu.

Shangazi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kutazama shingo ya gunia kabla ya tumbo lake. Lumbesa ni ugonjwa wa zamani: gunia linajazwa, kisha linashonewa wavu juu linajazwa tena, na mkulima analipwa gunia moja. Siku hizi kuna kanuni za viazi kupakiwa kwa mifuko isiyozidi kilo 50, nanyi waandishi mnajua vizuri kuliko mimi jinsi kanuni hizo zinavyofuatwa. Ninachosema ni kwamba nilijua mkulima wa Kinangop anaibiwa vipi mwaka mzima kabla mwalimu wa biashara hajafika sura ya vipimo.

Nakiri pia kwamba leo singemruhusu mtoto wangu asimame Marikiti saa tisa usiku, hata kwa shangazi. Mambo hayo yalikuwa ya wakati wake, na hata wakati wake hayakuwa sawa.

Sasa nimweleze baba wa Lang'ata habari za kijana niliyemtaja pale mwanzo. Anatoka Makongeni, huja kwa miguu. Alinijia mara ya kwanza likizo ya Aprili mwaka jana, bila barua, bila mjomba. Alisimama kando ya kibanda kama nusu saa akitazama, kisha akasema, "Mama, shikamoo. Naona unaandika na kuuza kwa wakati mmoja, na watu wanaondoka." Ilikuwa kweli. Nikamwambia arudi kesho na mzazi. Akarudi na nyanya yake, mama mzee aliyekagua kibanda changu kama afisa wa afya.

Aprili hiyo alibeba tu na kupanga. Agosti alirudi, nikamwacha auze. Novemba nikampa daftari, na daftari kwangu ndilo biashara yenyewe. Wengi wa wateja wangu hawanunui sanduku kwa mara moja. Mama anakuja Novemba na shilingi 300, wiki ijayo 200, akipata 500 analeta, hadi Januari sanduku limekwisha lipwa na jina la mtoto limeandikwa kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Daftari likikosea, mtoto wa mtu anakwenda shule amebeba vitu kwenye gunia.

Wiki ya pili ya kushika daftari kijana alipokea 300 za Mama Kevin, akaandika. Jumamosi akaja Mama Kevin kumalizia deni, akakuta amebakiza 300 zaidi ya alizozijua. Moto ukawaka. Kumbe tuna akina Mama Kevin wawili, mmoja wa Kayole, mwingine wa Dandora, na pesa za wa Kayole zilikuwa zimekaa kwa wa Dandora, ambaye naye hakulalamika, Mungu anamwona. Mimi nilikaa kimya nikinywa chai. Nilitaka sana kuingilia, ulimi uliniwasha, lakini nikamkumbuka shangazi. Kijana alitoa jasho. Akamwomba yule mama akae kwenye sanduku, akafungua meseji za M-Pesa kwenye simu ya kazi moja baada ya nyingine, akapata tarehe, akapata saa, akamwonyesha. Kisha akasema, "Mama, kosa ni langu, nisamehe." Yule mama alipoa mara moja, akamuuliza anasoma wapi, na sasa hanunui kwa mtu mwingine.

Jumatatu nilipofika nikakuta daftari limechorwa upya. Kila jina limefuatwa na tarakimu tatu za mwisho za simu. Mama Kevin 417, Mama Kevin 902. Miaka 21 nilikuwa nimeuza masanduku bila kufikiria jambo hilo, nikitegemea kukumbuka nyuso.

Kisa kingine, halafu nitamwacha huyu kijana apumzike. Bati bapa la futi nane kwa nne hutupatia masanduku mawili ya wastani, na vipande vinabaki. Kijana wetu, aliyeanza kupenda hesabu kupita kiasi, aliona kwamba fundi wangu kila jioni anavifunga vile vipande anaondoka navyo. Akachunguza siku tatu. Siku ya nne akanivuta pembeni, uso umemkaza, akaniambia fundi anatuibia. Nilicheka hadi nikalazimika kuketi. Nikamweleza kwamba huo ni mkataba wetu tangu mume wangu angali hai: fundi anachukua vipande, anatengeneza vizoleo vya takataka na koroboi, anauza mwenyewe, nami kwa sababu hiyo namlipa kidogo chini ya bei ya jirani. Haujaandikwa popote. Akauliza, "Na mkikosana?" Swali zuri, Mhariri. Sikuwa na jibu, na wiki hiyo mimi na fundi tuliuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, tukatia sahihi, kijana akiwa shahidi. Nadhani fundi alijua kwamba alishukiwa, maana siku mbili hakuongea na mtu, nyundo tu. Kijana alimpelekea chai yake siku hizo mbili bila kutumwa, ya tatu wakasalimiana.

Hayo yote yametokea mbele ya kibanda cha mabati, karibu na mtaro ambao mvua ya Novemba ikinyesha unatutembelea. Hakuna lifti. Sijui baba wa Lang'ata angekiita nini kitu kama hicho.

Nisieleweke kwamba kila kibarua cha jua kali ni chuo. Zipo kazi ambazo hata mtoto akizililia simruhusu. Mjengo wa kubeba kokoto hadi orofa ya nne, hapana. Kuning'inia mlangoni mwa matatu, hapana. Kukata bati na kuchomelea, hapana. Kwangu hakuna mwanafunzi anayeushika mkasi wa bati, na yeyote anayesogea kutazama moto wa welding kwa macho matupu namrudisha kwao siku hiyohiyo, kwa sababu usiku wa mtu aliyechomwa macho na ule mwanga nimeuona nyumbani mwangu mwenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko wazi kuliko watu wanavyodhani: aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, na wa kati ya miaka 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumtoa shuleni. Huyo wa kwangu amepita 16, na bado saa nane mchana namfukuza aende nyumbani.

Kwa wasichana naongeza swali jingine, nalo naliuliza bila haya: jioni nani anafunga mlango? Kama jibu ni mwanamume mmoja na binti yako, kazi hiyo haifai hata ikiwa ni ya kupanga vitabu vya dini. Mzazi aende mwenyewe, asalimie, akae dakika kumi, aulize choo kiko wapi. Usicheke. Mahali ambapo hawajui mfanyakazi msichana atakwenda haja wapi, hawajafikiria lolote lingine kumhusu. Sisi hapa choo ni cha kulipia, shilingi kumi, na mimi ndiye ninayelipa. Na kazi ya kwenda kulala katika nyumba ya mtu msiyemjua, eti kusaidia watoto likizo, mimi kuhusu hiyo sina hata mjadala.

Kuna zile za simuni. Kila Novemba vijana wangu huletewa ujumbe: kazi ya kuandika ukiwa nyumbani, elfu mbili kwa siku, tuma 350 za kujisajili. Mmoja alituma. Kisha akatuma 500 za "kuthibitisha". Alipoambiwa 1,000 za "kufungua akaunti" ndipo alipokuja kuniuliza, amechelewa. Mwajiri anayetaka umlipe ndio akuajiri ni mtu wa kupita naye mbali.

Suala la pesa lenyewe silikwepi. Nalipa shilingi 500 kwa siku, chakula juu yangu. Si nyingi, najua, na kuna wanaolipa zaidi kwa kubeba mizigo Gikomba. Lakini ugomvi mkubwa ninaouona si wa kiasi, ni wa njia. Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo mshahara unatumwa kwa simu ya mzazi, na hapo ndipo hupotelea. Nasema haya nikiwa mshtakiwa. Mwanangu wa pili alifanya kazi Agosti moja kwenye saiba ya jirani Donholm, akiwajazia watu fomu na kuchapisha barua. Zililetwa 4,500 kwa simu yangu. Wiki hiyo mtungi wa gesi uliisha. Nikachukua 2,000, nikajiambia nitarudisha, na unajua jinsi mama anavyojiambia. Kijana hakusema neno. Asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kabati: "Mama – 2,000 – gesi." Ilikaa hapo mwezi mzima. Wageni waliisoma. Nililipa Septemba, nikaing'oa mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo wanafunzi wangu nawalipa mkononi, kila Jumamosi, wakitia sahihi, na mzazi akitaka chake aombe mtoto.

Wapo watakaosema likizo ni ya tuition. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilishakataza shule kuwarudisha watoto darasani wakati wa likizo, na wazazi walewale wanaoipigia kelele serikali ndio wanaochanga pesa kwa siri kwa mwalimu wa nyumbani. Sitaki ugomvi huo leo.

Jambo ambalo yule baba hakuligusa, na naona ndilo linalowaponza wengi, ni ufupi wa likizo zetu. Dada yangu yuko Minnesota, na binti yake kila kiangazi huuza aiskrimu. Kiangazi chao ni miezi kama mitatu mfululizo, na serikali yao imewawekea wa miaka 14 na 15 mipaka: saa 40 kwa wiki shule zikiwa zimefungwa, na mwisho saa tatu usiku. Mtoto ana muda wa kukosea, kuzoea, na kuchoshwa. Sisi tuna vijiwiki vya Aprili, vijiwiki vya Agosti, kisha ule mkia mrefu wa Novemba hadi Januari. Katika wiki tatu mtu anajifunza vikombe vinawekwa wapi, halafu anaondoka. Ndio maana nawaambia wanafunzi: usitafute kazi mpya kila likizo ili uwe na orodha ndefu. Tafuta mahali pamoja, urudi palepale Aprili, urudi Agosti, ili Desemba wakupe kitu kizito. Kijana wa Makongeni asingepewa daftari Aprili hata kama angekuja na barua ya waziri. Na hata binti yangu, sasa nikifikiria, kama angerudi kwenye ile ofisi Desemba pengine wangemkumbuka. Alikataa, nami sikumlazimisha. Alikwenda kwa jirani yetu anayeoka keki za harusi, akapewa kazi ya kupima unga, na jioni ya pili keki ya watu ilizama katikati kama shimo la Jogoo Road. Alirudi nyumbani analia. Siku iliyofuata aliamka saa kumi na moja, kabla ya jogoo wa jirani, akaenda.

Najua pia kinachomzuia yule baba, kwa sababu kilinizuia mimi. Ni yale maneno ya "watu watasemaje". Umelipa karo miaka yote hii, mtoto yuko shule nzuri, halafu mwenzako wa kanisani amkute Kamukunji ana masizi usoni anauza sanduku. Mama mmoja wa Buruburu aliniletea mwanawe mwaka juzi, akaniomba nimweke nyuma ya kibanda asionekane. Nilimwambia nyuma ndiko kuna nyundo na moto, na mwanafunzi wangu hukaa mbele. Akamchukua wakaondoka. Kijana aligeuka mara mbili kutazama.

Kwa hiyo, Mhariri, mfikishie yule baba ujumbe wangu. Msimu huu nina nafasi moja. Kijana aje mwenyewe, asiletwe na gari, na zile barua za ofisi saba aziache nyumbani. Aje Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, asimame kando atazame kwanza kama nusu saa, kisha aniambie ameona nini. Siku ya pili aje na mzazi. Atafundishwa kazi na kijana wa Makongeni, ambaye ni mdogo kwake kwa mwaka mmoja kama nimeisoma barua vizuri, na hilo alikubali au alikatae mapema. Mtu yeyote pale akiulizwa Mama Sanduku atamwonyesha, na kama usiku mvua itakuwa imenyesha, avae gambuti.

Mama Sanduku,
Jericho, Nairobi